Maji ya Nguo za Bibi Dévote

Jumanne, alipotoka zamu ya asubuhi, Marie-Jeanne alishuka na beseni lake mpaka chumba cha kufulia, chini ya maegesho ya magari, akakuta maji aliyoyaacha alfajiri bado yamo kwenye sinki. Povu lilikuwa limeisha. Uzi mmoja mwekundu wa kitenge ulielea juu, umetulia. Alichukua mpira wa kuzibulia, akasukuma na kuvuta mpaka mabega yakamuuma. Chini ya sinki pampu ilikuwa ikinguruma vizuri, wala haikusikika kuchoka, na maji hayakushuka. Basi akapindua ndoo, akaikalia, akavua viatu. Miguu ilikuwa imevimba tangu Jumamosi.

Jengo lenyewe ni la matofali mekundu, liko Fairfield, jijini Sydney, na lilijengwa kwenye mteremko na mtu ambaye bila shaka hakuwahi kufua nguo. Chumba cha kufulia kiko chini kuliko bomba la maji machafu la barabarani, kwa hiyo maji ya sinki hayawezi kujiondokea. Yanashukia kwenye kishimo chenye mfuniko, boya linapanda, pampu inawaka na kuyasukuma juu mpaka barabarani. Hiyo ndiyo kazi yake yote. Ilikuwa imeifanya miaka mingi bila mtu kuisifu, mpaka baada ya Pasaka ya mwaka huu, ilipoanza kuwa na mambo yake.

Marie-Jeanne hakukosa mashine ya kufulia. Anayo, tena nzuri, ndani ya bafu la nyumba yake kwenye ghorofa ya pili. Lakini kuna aina mbili za nguo ambazo hakuwa akizitia humo. Ya kwanza ni sare ya kazi. Anafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee kule Smithfield. Mikono yake huwaosha watu wanaokaribia kuondoka duniani, na wengine huwaosha wakiwa wameshaondoka, na nguo ya kazi hiyo haichanganywi na mashuka ya watu wanaotarajia kuamka kesho. Ya pili ni nguo za mama yake mzazi, Bibi Dévote. Hizo hazikuingia kwenye mashine kwa sababu mashine ilikuwa na nguo za Bahizire, mume wa Marie-Jeanne, na kwa watu wao nguo za mama mkwe haziogi maji mamoja na nguo za mkwe.

Mkwe, huko walikolelewa, hali meza moja na mama wa mke wake. Hakai chumba alichomo, hamshiki mkono, na wakikutana njiani yeye ndiye anayepisha. Chuki haimo humo hata chembe. Ni heshima, na heshima kubwa kuliko hiyo hawaijui. Kijijini ilikuwa rahisi, kila mtu na nyumba yake na mlango wake. Ndani ya nyumba ya vyumba viwili Fairfield, yenye ukumbi mwembamba kama mkono wa shati, heshima hiyo inataka akili. Sydney haikujengwa kwa ajili ya mkwe.

Bibi Dévote alifika mwaka juzi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, akitembea mwenyewe na fimbo yake. Kabla ya Pasaka aliteleza bafuni, akavunjika nyonga. Hospitali walimtengeneza vizuri, hilo lazima lisemwe. Akishainuliwa, anatembea mpaka chooni na kurudi. Tatizo ni kuinuka. Kiti chake kiko sebuleni karibu na dirisha, na kutoka kwenye kiti hicho hawezi kusimama bila mtu wa kumvuta.

Marie-Jeanne alikuwa akipiga zamu mbili kwa siku, ya asubuhi na ya mchana, siku nne za wiki. Tangu mama yake aanguke alikuwa akiomba jambo moja tu, apunguziwe zile za mchana ili mama asibaki peke yake. Aliyekuwa akipanga zamu ni Rozina, binti wa Kitanzania mwenye adabu nyingi, na kila alipoombwa alisema atajitahidi. Marie-Jeanne aliendelea kungoja, na alijituliza kwa neno moja: Bahizire yuko nyumbani. Bahizire anafanya kazi usiku kwenye ghala moja kule Ingleburn, anapakua makontena yanayotoka bandari ya Port Botany. Anarudi asubuhi mke wake anapoondoka. Kwa hiyo mchana kutwa mwanamume mzima yumo ndani, na mama hayuko peke yake. Hivyo ndivyo alivyokuwa akijiambia kwenye basi, kwenda na kurudi.

Malalamiko ya sinki yalianza kwenye kikundi cha WhatsApp cha jengo. Gloire wa chini, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha kufungasha kuku, aliandika kwamba amekuta maji ya watu wengine, ameyarudia jioni, bado yamo. Wengine wakaunga mkono. Wakala wa nyumba akajibu kwamba kama kuna mtu anatupa vitu kwenye sinki, chumba kitafungwa kwa kufuli, na kwamba fundi atakuja Alhamisi.

Fundi alikuwa Muema, Mkamba wa Machakos, mwembamba, mwenye macho ya mtu ambaye hajalala vizuri tangu apate leseni. Marie-Jeanne alikuwa na mapumziko siku hiyo, akashuka kumfungulia. Gloire naye alishuka, kwa sababu aliona ni haki yake kama mlalamikaji.

Muema alifanya mambo kwa utaratibu. Alizima umeme, akafunua kishimo, akaichota takataka iliyokuwamo: nyuzi za nguo, kifungo, kipande cha sabuni. Aliinua boya kwa kidole, likapanda na kushuka bila kugoma. Alifungua pampu, akaangalia panga lake la ndani linalosukuma maji, nalo lilikuwa safi. Akajaribu vali inayozuia maji yasirudi, ikafunga vizuri. Akapitisha kamera kwenye bomba mpaka barabarani, na kwenye kioo chake kidogo wote watatu wakaona bomba tupu lenye afya njema. Kisha akaweka kiganja juu ya pampu.

"Na mnasema ilikuwa inarun siku nzima?"

"Siku muzima," alisema Gloire. "Niliisikia na maskio yangu."

"Inafaa ikuwe imeungua." Aliinuka, akajipangusa mikono. "Mama Aksanti, hii pump iko sawa. Kila kitu iko sawa. Shida ni maji."

Marie-Jeanne huitwa hivyo na jengo zima kwa sababu ya binti yake, anayesoma chuo Armidale. Alitikisa kichwa kuonyesha amesikia. Alikuwa amechoka, na habari kwamba shida ni maji haikumwongezea uchovu wala kumpunguzia.

Muema alijaza ndoo kwenye bomba, akaimwaga kwenye sinki. Maji yalikwenda kabla hajaiweka ndoo chini. Akamwambia Gloire alete kitu chake. Gloire alileta aproni ya kazini, wakaifua, na maji yake yalifyonzwa kwa kishindo, yakaacha sinki linang'aa.

"Kule kwetu ku kazi kuku haingojake mutu," alisema Gloire, na alionekana kuridhika.

Wakati huo akapita Égide, Mrundi wa ghorofa ya tatu, akitoka kuegesha gari. Muema akamwomba shati. Égide hakuuliza kwa nini. Alipanda, akaleta lile alilovaa siku alipopeleka maombi ya visa ya mke wake, kwani lilikuwa chafu shingoni na hajapata moyo wa kulifua. Maji yake hayakwenda. Walisimama, wakayaangalia, kisha Égide akasema mke wake yuko Bujumbura, na mtoto aliyemwacha tumboni sasa anasoma na kuandika. Ikabidi wachote yale maji kwa ndoo na kuyamwaga nje kwenye nyasi, karibu na mapipa ya taka. Hapo napo hayakuzama. Yakabaki kidimbwi, na ndege wale weupe wenye midomo mirefu, wanaoishi kwa takataka, wakaanza kuja kunywa. Yapo mpaka leo, na wakala amewahi kuandika kuhusu mbu.

"Nilishapata bathtub moja huko Mount Druitt," alisema Muema, akiwa amekalia sanduku lake la vifaa. "Ilikuwa haishiki maji moto mpaka ile familia iongeleshane. Nikabadilisha washer zote. Wapi! Sasa leta uniform."

Marie-Jeanne alikuwa ameiweka kwenye mfuko tangu Jumatano. Aliifua, akaikamua, akavuta kizibo. Pampu ikawaka. Maji yakasimama. Gloire alipanda kuinjika maharage, akashuka, akapanda kuyakoroga, akashuka tena. Muema alijibu simu za watu wenye vyoo vilivyoziba. Maharage yalipoiva, maji yakaondoka yote kwa mara moja, kama mtu aliyeruhusiwa kutoka darasani.

"Ndani ya hii uniform," aliuliza Muema, "kuna mtu alikuwa anangoja?"

Marie-Jeanne alifikiri. Jumatano, alisema, kule mwisho wa ukumbi, mzee mmoja Mmalta, fundi seremala wa zamani, alibonyeza kengele apelekwe chooni. Ghorofa nzima ilikuwa na wafanyakazi wawili. Alipomfikia alikuwa amekwisha kujichafua, na ni yeye mzee aliyeomba msamaha. Akamshika mkono wa sare kwa kidole kichafu, akasema samahani, sista, samahani. Marie-Jeanne aliikunjua sare iliyokamuliwa, akaikunja tena.

"Alingoja namna ile maji ilingoja," alisema. "Maharage ingeiva."

Gloire alisema "Mungu wangu," lakini kwa sauti ileile anayoitumia hata mkate ukiungua.

"Sawa," alisema Muema. "Hiyo tumeelewa. Na ile ingine, ya kukaa siku mzima?"

"Ile ni ya mama yangu."

"Anangoja nini?"

"Mama? Mama haiko nangoja kitu. Bwana yangu iko ku nyumba."

Muema alimtazama, akatazama sinki. "Leta ya Jumapili," alisema, "na leta ya jana."

Bibi Dévote hubadilisha nguo kila siku, hata kama haendi popote, kwa hiyo zilikuwapo zote mbili, zimekunjwa mbalimbali. Jumapili Marie-Jeanne huwa nyumbani tangu kucha mpaka kuchwa. Walifua kitenge cha Jumapili, akavuta kizibo, na maji yakaenda huku Muema akiwa bado anasema neno. Wakafua cha Jumatano. Marie-Jeanne akavuta kizibo, akakishika mkononi. Maji yalikaa. Walingoja mpaka Gloire akakumbuka kwamba lazima awafuate watoto shule.

Muema naye alikuwa na kazi nyingine Smithfield. Alikusanya vifaa, akasimama mlangoni.

"Ngojangoja huumiza matumbo," alisema. "Nitaambia agent pump ni nzima. Ile ingine, Mama Aksanti, hiyo si ya plumber."

Marie-Jeanne aliyaacha maji, akapanda ngazi.

Bibi Dévote alikuwa kwenye kiti chake, amefunga kilemba vizuri, anaangalia waya za umeme na kasuku wa rangi waliozikalia. Kwenye meza ndogo pembeni palikuwa na bilauri ya maji, imejaa mpaka juu. Marie-Jeanne alikaa kwenye zulia, chini ya miguu ya mama yake, kama alivyokuwa akikaa alipokuwa msichana akisukwa nywele.

"Mama, nikiendaka kazi, unabakiaka namna gani?"

"Nabakiaka bien, muzuri tu."

"Ku choo, njo nani anakupelekaka?"

Bibi Dévote aliendelea kuangalia kasuku. "Sikunywake maji," alisema baadaye. "Mutu asipokunywa, haendake."

"Na Bahizire?"

Hapo ndipo mama alipogeuka, na katika habari hii yote ni yeye tu aliyewahi kushtuka.

"Mukwe wangu? Unataka mukwe wangu anishike kiuno? Marie-Jeanne, nilikulea wapi? Ule mwanaume ananiheshimu sana. Haikalake umu ndani hata kidogo. Anakuja, anachukua chakula yake, anashuka kulala mu motokari. Mutu mukubwa, baba ya mutu, analala mu motokari juu ya sababu yangu! Mie nitamuita namna gani?"

Marie-Jeanne alishuka tena. Nyuma ya nguzo, kwenye maegesho, Corolla yao ilikuwa imefunikwa taulo kwenye kioo cha upande wa jua. Bahizire alikuwa amelala ndani, kiti kimelazwa, magoti yamepanda juu ya usukani. Alimgongea. Bahizire alifungua jicho moja, na alipoona uso wa mke wake akafungua la pili.

Alieleza bila kuficha, ingawa siku mke wake akiwa nyumbani alikuwa akiaga kwamba anakwenda kwa rafiki. Tangu mama ashindwe kuinuka, haikuwa sawa tena yeye kulala kule ndani. Mama ataamka ajikute anasikiliza mkwe anakoroma. Atataka kujinyoosha, ataogopa kwamba mkwe atapita. Akaona amwachie nyumba awe huru. Mgongo ulikuwa ukimuuma, lakini hilo si la kusema.

"Kama angehitaji kitu, angeita," alisema.

"Angekuita namna gani, Bahizire? We ni mukwe."

Bahizire aliinua kiti. Alikaa akaushika usukani kama mtu anayeendesha.

Ndiyo hivyo. Watu wawili waliheshimiana mpaka mmoja akakaukiwa koo na mwingine akapinda mgongo, na katikati yao palikuwa na sebule tupu yenye zulia safi. Marie-Jeanne alikasirika, tena sana, na alipotafuta wa kumkasirikia hakumpata. Mama alikuwa na haki. Bahizire alikuwa na haki. Alirudi chumba cha kufulia kuangalia maji, akayakuta palepale. Yaliondoka jioni, saa zilezile ambazo Jumatano alikuwa amegeuza ufunguo mlangoni akitoka kazini.

Walijaribu. Isisemwe kwamba hawakujaribu. Waliomba mtu wa kuja nyumbani kumsaidia mama, wakajibiwa kwamba jina lake limepokelewa na limo kwenye foleni. Kisha Bahizire, ambaye si mtu wa maneno, akabuni njia ya mpini wa fagio. Yeye angesimama ukumbini, nyuma ya ukuta, uso ameuelekeza kwenye friji. Angepitisha mpini mlangoni. Mama angeshika ncha moja, yeye angevuta nyingine. Hakuna kushikana, hakuna kutazamana. Mama akishasimama, mkwe angetoka mpaka kwenye ngazi na kukaa huko hadi asikie mlango wa choo umefunguliwa tena. Bibi Dévote aliupima mpango huo kwa siku nzima na usiku wake, akasema hauna dhambi.

Na ulifanya kazi. Wiki hiyo Bibi Dévote alikunywa maji. Kitenge cha siku ya kwanza ya fagio kilipofuliwa, maji yalishuka kwa vipande, yakisimama na kuendelea, na kabla ya adhuhuri sinki lilikuwa tupu. Gloire aliandika kwenye kikundi, asante Mungu.

Asubuhi ya nne Bahizire alivuta, mama akafika nusu ya kusimama, na mpini ukamponyoka mama mikononi. Bahizire alisikia kiti kikigonga ukuta. Aligeuka. Alimdaka mama mkwe wake akiwa anakwenda chini, akamkumbatia kifuani, mikono miwili, akamrudisha kwenye kiti. Mama hakuumia popote. Lakini alipokwisha kukaa alijifunika kichwa na uso kwa kitenge, akalia humo ndani kwa sauti ndogo, na Bahizire akashuka kwenye gari na hakupanda juu siku mbili, hata kula. Marie-Jeanne alimpelekea chakula kwenye bakuli la plastiki.

"Nimefika miaka ya kufa," alisema Bibi Dévote, "sikufika miaka ya kukumbatiwa na mukwe." Mpini ukarudi kwenye fagio lake, na bilauri ikaanza tena kukaa imejaa.

Jumatano iliyofuata Rozina alipiga simu kabla hakujapambazuka vizuri.

"Shikamoo, dada Marie. Samahani sana kwa kukuamsha."

"Niko macho, Rozina. Bonjour." Marie-Jeanne hajawahi kuzoea kusema marahaba.

"Dada, najua leo nilikupa asubuhi peke yake. Lakini Clarisse ni mgonjwa na mwenzake hapokei simu. Naomba unisaidie na mchana."

"Nilikuomba unitoe ku mchana. Tangu Pasaka nilikuomba. Mama yangu iko peke yake, Rozina. Nilifikiri iko na mutu, kumbe iko peke yake."

Rozina aliposema tena sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nimewaambia wakubwa, dada. Wamesema watu hawapatikani. Naumia, Mungu anaona. Lakini ukikataa, ghorofa ya juu itabaki na mtu mmoja mpaka usiku."

Ghorofa ya juu ndiko aliko yule mzee Mmalta. Marie-Jeanne alisimama jikoni, simu sikioni, akiangalia kisogo cha mama yake kupitia mlango. Mahali pote palikuwa na mtu anayengoja; alichopewa yeye ni kuchagua nani. Na aliyeko Smithfield hana hata dirisha la kuangalia kasuku.

"Nitafanya," alisema.

"Asante, dada. Mwezi ujao nitakupangia vizuri."

Alimwinua mama, akampeleka chooni, akamwosha, akamvalisha, akamrudisha kwenye kiti. Alikusanya nguo za jana kwenye beseni, akachukua ufunguo wa chini. Bado kulikuwa na muda mdogo wa kufua kabla ya basi.

"Usipeleke kule," alisema Bibi Dévote.

"Wapi, Mama?"

"Kule chini. Gloire alipanda jana, alinileteaka juisi, ananiangalia namna unaangalia mutoto ya yatima. Jengo yote inajua saa zangu. Na we mwenyewe, unafuaka ile nguo, unaona, unaenda kazi na moyo muzito. Mie sipendi uende na moyo muzito. Sitaki maji ikuambie mambo yangu."

"Mama, nitafua wapi basi?"

"Weka mu mashini."

"Iko na nguo za Bahizire."

"Nimeijua."

"Mama, hiyo ni haya kubwa."

"Njo mie niliyekufundisha," alisema Bibi Dévote. "Nakuambia weka."

Marie-Jeanne alisimama na beseni kiunoni mpaka akaona saa. Kisha aliingia bafuni. Ndani ya mashine mlikuwa na mashati mawili ya Bahizire ya ghalani, yale ya manjano yenye mistari ya kung'aa. Aliweka vitenge vya mama juu yake. Akaona amekwisha kuharibu, akaongeza na sare yake ya Jumanne. Akafunga mlango, akamimina sabuni, akabonyeza. Kupitia kioo aliona vitenge na mashati vikizunguka pamoja, mkono wa shati umejiviringisha kwenye kitenge chekundu. Maji yaliingia, yakatoka, yakaingia mengine. Bomba la ghorofa ya pili linashuka moja kwa moja mpaka barabarani bila kupita kwenye pampu ya mtu. Alimbusu mama yake kwenye paji la uso, akajaza bilauri, ingawa alijua haitanywewa, akatoka.

Bahizire alikuwa ametoka kuegesha. Walipishana kwenye ngazi, Marie-Jeanne akamwambia chakula kiko kwenye friji.

Karibu na adhuhuri Muema alipita kuangalia sinki kwa mara ya mwisho. Alimwaga ndoo ya maji, yakaenda. Akafua kitambaa chake cha kupangusia, maji yakaenda. Alisikiliza pampu ikizima, akamtumia wakala ujumbe kwamba hitilafu imekwisha, na wakala akaandika kwenye kikundi kuwashukuru wakazi wote kwa ushirikiano wao.

Juu, mashine ilikuwa imemaliza zamani. Ilipiga kiwimbo chake, ikanyamaza, na kwa kuwa hakuna aliyekuja kuifungua, ikapiga tena. Bibi Dévote aliisikia vizuri kutoka kwenye kiti. Alijua nguo zikikaa na maji humo zitanuka. Ilipopiga mara nyingine akaijibu, kwa sauti ya kawaida, kwamba Marie-Jeanne ameenda kazini, atarudi usiku, ingoje tu.